Kiroba cha Ndege

Jioni ya Alhamisi eropleni ya dawa ilipita mara nne juu ya matete ya bwawani, chini kiasi kwamba Agnella aliweza kuona mkono wa rubani. Kweleakwelea walikuwa ndio kwanza wametua kulala, maelfu kwa maelfu, hata matete yameinama kwa uzito wao. Dawa ikawashukia kama ukungu mwembamba. Nusu ya kijiji walikuwa wamesimama kwenye tuta la mashamba kutazama, na eropleni ilipogeuka kuelekea mtoni, akina mama wakapiga vigelegele.

Walikuwa na haki ya kufurahi. Kwa majuma matatu walikuwa wakiamkia shambani kabla ya jua, wakipiga madebe, wakirusha mawe kwa kombeo, wakipiga kelele hadi koo zinakauka, na bado kila kundi lililotua kwenye mpunga liliinuka likiacha mashuke matupu. Mpunga wenye punje huinama. Ule uliosimama wima, mwenye shamba aliutambua kwa mbali na kugeuza uso.

"Bibi shamba, Mungu akuzidishie," akasema Elineema, mama ambaye shamba lake lilipakana na bwawa. "Leo na mimi nitalala."

Agnella akaitikia kwa tabasamu, lakini yeye alijua hatalala.

Alikuwa afisa ugani wa kijiji kile, upande wa Lupiro, huo ukiwa mwaka wa tatu. Barua za kuomba eropleni aliziandika yeye, na agizo lililokuja na majibu lilikuwa wazi: kabla ya kunyunyiza, watu wa vitongoji vyote waambiwe kwamba ndege waliokufa wasiokotwe, wasiliwe, wasipewe mbwa wala kuku, na mifugo isinyweshwe bwawani kwa siku saba. Alizunguka siku mbili na pikipiki yake na kipaza sauti. Vitongoji vitatu alivimaliza. Cha nne, Mabandani, hakufika.

Mabandani ndiko walikokaa Wasukuma, ng'ambo ya bwawa, watu wa ng'ombe na wa mpunga pia, waliohamia miaka ya karibuni. Njia ya kwenda huko ilikuwa tope tupu. Jumatano jioni pikipiki ilizama hadi kwenye injini, akaivuta peke yake, mvua ikimpiga mgongoni. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Ile nyingine hakutaka hata kuitazama: mwezi uliopita alikwenda kule kupima hasara ya mpunga ulioliwa na ng'ombe, wanaume wakamzunguka, wakamsemesha kwa ukali, na tangu siku hiyo njia ile aliiogopa. Akageuza pikipiki. Mtendaji wa kijiji, Anselim, alipompigia simu kuuliza, akajibu, "Vitongoji vyote vimepata taarifa, mtendaji." Neno likamtoka jepesi kama salamu. Alijiambia angekwenda kesho yake alfajiri. Alfajiri akapigiwa simu kwamba eropleni inakuja siku hiyohiyo, akaanza kukimbizana na wageni wa kupima upepo, na mchana ukaisha.

Ijumaa kulipopambazuka alikuwa tayari bwawani, amevaa buti na glavu, pamoja na Obed, mwanamume wa makamo aliyechukuliwa kibarua cha kuchimba shimo la kuzika mizoga. Ndege walikuwa wamelala chini ya matete wamepandana, midomo yao myekundu imeachama, kama dagaa walioanikwa. Wengine walikuwa bado wanapapatika. Wawili hao wakaanza kuzoa kwa koleo, kimya, wakiusogelea upande wa pili wa bwawa. Huko Obed akasimama.

Mbele yao palikuwa peupe. Matete yamelazwa, manyoya mawili matatu yanaelea kwenye maji, lakini ndege hakuna hata mmoja.

"Fisi?" akauliza Agnella, naye akijua si fisi.

"Fisi hafagii." Obed akainama, akaonyesha alama za makatambuga kwenye tope. "Watu wamepita hapa, tena na viroba. Ona walivyoviburuta. Wametuwahi."

Alama zilielekea Mabandani.

"Usitoke hapa," Agnella akamwambia, ameshaanza kutembea. "Yeyote akija kuokota, mfukuze. Akikutukana, vumilia."

Njia iliyomshinda kwa pikipiki aliipita kwa miguu, nusu anakimbia, buti zikinasa na kunasuka. Alifika Mabandani jua likiwa limechomoza, pumzi hana. Kwenye ua wa kwanza mwanamke alikuwa amekaa kwenye kigoda akinyonyoa ndege, manyoya yamemzunguka miguuni, na nyuma yake chungu kinachemka. Agnella alimfahamu kwa sura kutoka mnadani. Aliitwa Sikitu, mke wa Seni.

"Mwangaluka," akasalimu Sikitu, akimshangaa mgeni anavyohema.

Agnella hakuitikia salamu. "Dada, hao ndege mmeshakula?"

"Bado, ndiyo nawachemsha. Mwaka huu Mungu ametukumbuka, tumewaokota kama mchanga." Sikitu akachota bakuli la ndege walionyonyolewa, akamsogezea. "Chukua na wewe ukakaange nyumbani."

Agnella akaliangalia lile bakuli. Akalisukumia pembeni.

"Wana sumu. Eropleni ya jana ilimwaga sumu ya kuwaua. Mtu akiwala inamdhuru na yeye."

Sikitu akaitazama mikono yake iliyojaa manyoya kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Mbona hakuna aliyetuambia? Sisi tuliiona eropleni, tukasema ni ya watalii, inaelekea mbugani."

"Nani ameonja? Hata mchuzi?"

Kigoda kikaanguka. Sikitu alikuwa ameshasimama, ameshika mlango wa nyumba. "Mama," akasema. "Hana meno. Nimempa supu kabla ya wengine."

Mama mkwe wake, Bibi Mbuke, alikuwa amekaa chini ameegemea ukuta. Mate yalimchuruzika hadi kwenye khanga, machozi yakimtiririka ingawa hakuwa akilia, na mikono ilimtetemeka mapajani. Kikombe kilikuwa pembeni yake, kitupu.

"Alikunywa kimoja?"

"Akaomba cha pili. Nikampa."

Kuanzia hapo mambo yakaenda mbio. Agnella akamwaga chungu, akamtaka Sikitu anawe kwa sabuni mara mbili, akapiga simu kituo cha afya akamtajia muuguzi wa zamu jina la dawa, herufi moja baada ya nyingine, kisha akalirudia. Jirani mmoja akawasha pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mpunga. Wakamlaza bibi juu ya magunia. Wakati wanamfunika, Agnella akakumbuka maneno ya Obed.

"Viroba vilikuwa vingapi?"

"Viwili," akasema Sikitu. "Hiki hapa, na kile alichoondoka nacho Seni kwenda Ifakara. Kuna mama anakaanga ndege kule Viwanja Sitini, anaitwa Balbina. Seni ametoka mapema ili awawahi wanaokwenda kazini."

"Mpigie mumeo."

"Simu yake iko Lupiro dukani inachajiwa. Huku kwetu hakuna umeme." Sikitu akapanda na kukaa upande wa kichwa cha mama mkwe. "Ukimpata, mwambie mama yake..." Hakumalizia. Pikipiki ikaondoka.

Agnella alirudi bwawani mbio akachukua pikipiki yake. Hakufika hata barabarani simu ikaita. Alikuwa Anselim.

"Nimesikia kuna bibi kapelekwa kituoni," mtendaji akasema. "Kwani si ulitangaza kote?"

Agnella alikuwa amesimama, mguu mmoja kwenye tope. Kimya chake Anselim akakichukulia kuwa jibu.

"Basi usihangaike. Watu wale hawasikii, kila mtu anajua. Ripoti iandike hivyo: walionywa, wakakaidi. Utakuwa salama, na mimi nitakuwa salama."

"Niko njiani, mtendaji," akasema, akakata.

Pale Lupiro aliiona simu ya Seni kwa macho yake, imelala kwenye kaunta ya duka kati ya nyingine nyingi, na mwenye duka akamwambia jamaa alipata bodaboda zamani. Agnella akaipeleka pikipiki mbio kuliko alivyowahi kuipeleka maishani. Barabara ilikuwa na makorongo ya mvua, akayaruka, akamwagiwa maji machafu na lori la mpunga, akajifuta kwa kiwiko bila kupunguza mwendo. Kichwani alikuwa akipiga hesabu ya muda: saa ngapi Seni alitoka, saa ngapi kavuka, mafuta yanachukua dakika ngapi kuchemka. Kila hesabu ilimwambia amechelewa, naye akaianza upya.

Alivuka daraja. Kivukoni akasimama kwa akina mama wanaouza perege kando ya barabara.

"Mmemwona mwanamume ana kiroba cha ndege?"

"Yule Msukuma mwenye kofia ya sufu?" mmoja akajibu. "Tumembadilishia samaki na ndege hapa hapa. Hawa." Akainua gazeti. Chini yake palikuwa na fungu la kweleakwelea, wadogo, safi, kama wamelala.

"Wana sumu, mama. Naomba wote."

Yule mama akamkazia macho, akadhani ni ujanja. Agnella akavuta glavu mfukoni, akazivaa, akaanza kuwaokota mmoja mmoja. Mama yule alipoona zile glavu akarudi nyuma, na mwenzake aliyekuwa amefunga fungu lake kwenye khanga akalifungua haraka akalitupa chini. "Wamebaki wengine?" Hakuna. "Kweli?" Kweli. Akaendesha tena.

Viwanja Sitini aliinusa harufu ya mafuta kabla hajaona moshi. Kibanda cha Balbina kilikuwa kwenye ukuta wa baa, mkabala na karakana ya maseremala. Karai lilikuwa jikoni. Sinia lilikuwa limejaa ndege waliokaangwa wakakauka, rangi ya kahawia, wa kutafunwa na mifupa yao. Pembeni Seni alikuwa anakunywa chai, kiroba kimekaa kati ya miguu yake.

Agnella hakuzima hata pikipiki vizuri. Aliliinua sinia akalimwaga kwenye ndoo ya maji ya kuoshea vyombo.

Balbina, mwanamke wa makamo mwenye mikono ya kazi, akamkamata kifundo cha mkono. "Wewe ni kichaa?"

"Ndege hawa wameuawa kwa sumu. Nani amekula?"

"Sumu gani?"

"Nani amekula, mama, nakuomba!"

Labda ilikuwa ile sauti. Balbina akamwachia, akageuza macho kwenye karakana. Maseremala watatu walikuwa mlangoni. Mmoja alikuwa bado anatafuna. Alipoona watu wote wanamtazama, akatema mkononi.

Watu walijaa kama waliokuwa wameitwa. Habari ikapita mdomo kwa mdomo, na kila ilipopita ikaongezeka. Mtu mmoja akamwinua Seni kwa ukosi wa shati, chai ikamwagika.

"Mmemaliza mashamba yetu kwa ng'ombe, sasa mnatuletea sumu!"

"Mimi sikujua," akasema Seni. Alikuwa mrefu kuliko yule aliyemshika, lakini mikono yake aliiacha chini. "Nimeokota ndege, nikaleta ndege."

"Hukujua! Eropleni imelia bonde zima, wewe peke yako hukujua!" Mwingine akamsukuma kifuani. Kisha yule wa kwanza akamgeukia Agnella. "Wewe si ndiye bibi shamba wa huko? Kwani hamkuwatangazia?"

Wote wakamgeukia. Ile sentensi ya Anselim ilikuwa tayari mdomoni, fupi, imepangwa vizuri. Kama angeisema tu, pale pale pasingekuwa na mtu wa kuikanusha isipokuwa Seni, na Seni nani angemsikiliza? Akamwona anavyomtazama. Hakuwa akiomba kitu. Alikuwa anangoja tu asikie naye atasema nini.

"Kwao sikutangaza," akasema Agnella. "Nilitangaza vitongoji vitatu. Kwao sikufika. Mwacheni, kosa ni langu."

Mkono kwenye ukosi ukalegea. Balbina alikuwa wa kwanza kusema.

"Kumbe wewe," akasema polepole. "Umenimwagia chakula kama mwokozi, kumbe wewe."

Agnella aliwageukia maseremala, akawaeleza dalili na kuwataka waende hospitali wakati huohuo. Wawili walikubali. Wa tatu, kijana aliyetafuna wengi zaidi, alicheka akasema tumbo lake halijawahi kushindwa na kitu, mpaka jasho lilipomtoka kama amemwagiwa maji na macho yakaanza kumwona mtu mmoja kama wawili. Walimpakia kwenye bajaji akiwa anatapika. Agnella aliwafuata, akamweleza daktari yote bila kuficha, akasimama kwenye kibaraza mpaka aliposikia wameshachomwa sindano. Wawili walirudi kazini siku ya pili. Yule kijana alilazwa siku tatu.

Seni alikuwa amewafuata, yuko nje ya geti na kiroba chake, maana aliambiwa asikiache popote. Hapo ndipo Agnella alipomwambia habari ya mama yake. Alijua alipaswa kuanza na hilo.

Seni alisikiliza mpaka mwisho. "Alikunywa vikombe viwili?"

"Viwili."

"Twende," akasema.

Walirudi kwa pikipiki moja, Seni nyuma, kiroba kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kwenye keria. Walipita Kivukoni, wakapanda daraja. Katikati ya daraja Seni akasema karibu na sikio lake, bila ukali wowote:

"Ulipokuja kupima mpunga ulioliwa na ng'ombe, njia uliiona."

Agnella akashika usukani kwa nguvu. Akaongeza mwendo mpaka Lupiro, kwenye kituo cha afya.

Bibi Mbuke alikuwa hai. Muuguzi alisema wangechelewa saa moja tu, wangekuwa wanasema mengine. Bibi alikuwa amelala, chupa ya maji inadondoka, mikono bado ikirukaruka juu ya shuka. Sikitu alikuwa amekaa sakafuni. Alimwona mumewe akasimama, alimwona Agnella akakaa tena, akatazama ukutani.

Siku tatu zilizofuata Agnella hakutulia mahali. Asubuhi alikuwa kituo cha afya, mchana bwawani na Obed wakizika vile viroba viwili na mizoga yote iliyobaki, jioni mlango kwa mlango Mabandani akiuliza kama kuna aliyeugua. Mbwa wawili walikufa, na kuku kadhaa. Watu walimjibu alichouliza, si zaidi. Usiku aliandika maelezo yake akayachana, akaandika tena, na kila alipofika kwenye sehemu ya Jumatano alikuta ameingiza mvua na tope mno. Mwishowe akaandika: *Sikufika. Nikasema nimefika.* Anselim aliyasoma amesimama, akayarudisha mezani kama yanaunguza.

"Nilikupa mlango wa kutokea," akasema. "Umenifungia na mimi ndani."

Barua ya onyo ilikuja Jumatatu. Ilisema nyingine ingefuata baada ya uamuzi wa wakubwa, na haikusema lini.

Siku ya nne Bibi Mbuke aliruhusiwa. Agnella alimkuta kibarazani amekaa kwenye benchi, mdogo kuliko alivyomkumbuka, Sikitu akimfunga khanga.

"Shikamoo, bibi."

Bibi akamtazama kwa muda, akasema jambo refu kwa Kisukuma. Sikitu akangoja amalize.

"Anauliza ni wewe uliyeleta eropleni?"

"Ni mimi."

Bibi akasema tena, safari hii akinyoosha kidole kuelekea nyumbani.

"Anasema hukuwamaliza. Kuna kundi lingine limekimbia dawa, limehamia kwenye miti ya miiba nyuma ya zizi letu. Tangu juzi linakula mpunga wetu." Sikitu akatafsiri na lililobaki, macho chini. "Anauliza, na mpunga wetu sisi mnauhesabu, au mnahesabu ule tunaoharibu tu?"

"Mwambie nitakuja kuuona kesho."

Sikitu hakutafsiri. "Njoo kwanza," akasema. "Ndipo nitamwambia."

Kesho yake alfajiri, kabla mwanga haujakaa sawa, Agnella alikuwa Mabandani. Hakuna aliyempokea. Seni alimwonyesha kona ya shamba iliyokuwa karibu zaidi na miti ya miiba, akampa ncha ya kamba ndefu iliyofungwa makopo na chupa tupu za plastiki, akaenda kufungulia ng'ombe. Kundi likainuka mitini kama moshi, likajikunja, likaja. Agnella akavuta kamba kwa nguvu zake zote, makopo yakagongana, ndege wakageuka ghafla hewani wakapinda upande wa pili, wakatua kule ambako kamba haikufika. Akakimbia huko, anapiga kelele, anapunga mikono. Wakainuka. Wakarudi alikotoka. Akakimbia tena.

Jua lilipokuwa juu sauti ilikuwa imemwishia, na viganja vimechubuka. Hakujua kama aliokoa kitu. Alipogeuka kuivuta kamba tena, akakuta imeshakazwa. Mwisho wake wa mbali, kwenye ukingo wa shamba, Sikitu alikuwa ameishika, ametupia khanga begani, anaangalia juu.

"Wanakuja upande wako," akapaza sauti. "Vuta!"

Agnella akavuta.